Siku Walipomwinulia Mama Mikono

Wiki hiyo nililala kwa kuibia, na sababu yenyewe nikiisema kwa sauti inaonekana ndogo: askofu alikuwa ameniomba niwe kiongozi wa wasichana wa kata yetu. Basi. Hakuniomba figo. Alinikuta kwenye ujia baada ya ibada, akaniingiza katika kile chumba chake chenye viti vya kukunja na boksi la tishu, akauliza, nami nikamwambia anipe mpaka Jumamosi. Yeye ni fundi wa lifti, mtu anayejua kungoja bila kuonyesha kwamba anangoja. Akasema sawa. Nikarudi nyumbani na swali ambalo halikuwa lile aliloniuliza. Yeye alitaka kujua kama niko tayari kuanza. Mimi nilikuwa nikijiuliza itakuwaje siku nitakapotolewa.

Sisi ni wale ambao watu huwaita Wamormoni. Kwetu hakuna kasisi wa mshahara. Kata ni kusanyiko moja tu la waumini, askofu wake ana kazi yake kama mtu mwingine yeyote, na kila shughuli, kuanzia kupiga kinanda hadi kufundisha watoto, hupewa mtu kwa muda. Tunaiita wito. Hakuna anayekuambia utaubeba kwa miaka mingapi. Siku moja jina lako linasomwa mbele ya kusanyiko, watu wanainua mkono wa kulia kuonyesha kwamba wanakukubali. Siku nyingine jina hilohilo linasomwa tena, watu wanainua mkono uleule kukushukuru, na ukitoka mlangoni wewe si mwalimu tena. Mtu mzima huona tofauti kati ya mkono na mkono. Mtoto je?

Nilidhani nimeshasahau mambo haya. Lakini katikati ya wiki nilipita kanisani kuchukua mwavuli niliouacha, na kabati la vitu vilivyosahaulika limo ndani ya ukumbi wa michezo. Nilipolifungua nikapigwa na ile harufu: nta ya sakafu, makoti yaliyolowa theluji yakakauka, mpira wa kikapu uliozeeka. Ndani kulikuwa na kamba ambazo wavulana walifundishiwa mafundo siku zile walipokuwa bado skauti, maua ya karatasi ya sherehe fulani, kiatu kimoja cha mtoto. Nyuma kabisa, kimesimamishwa ukutani, kilikuwepo kibao cha kusukumia chapati. Nilikitambua kabla sijakigusa. Kina alama ya duara jeusi pembeni, pale Mama alipowahi kuweka kikaango cha moto. Nikakaa chini sakafuni na koti langu, na kwa muda sikuwa tena mtu mwenye shahada.

Tulikuwa tukitoka Mount Dennis, mtaa wetu huku ughaibuni, kwa mabasi mawili, na tulichelewa kila Jumapili. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, kwa hiyo mara nyingi tulikuwa mimi na Mama tu, yeye akinishika kiganja kama mtu anayeshika tiketi. Tukifika, mabenchi laini ya mbele yalikuwa yamejaa. Nyuma ya mabenchi hayo kulikuwa na ukuta wa kukunja, ambao ukivutwa kando, kanisa linaungana na ukumbi wa michezo. Huko ndiko tulikokaa sisi wachelewaji, kwenye viti vya chuma, juu ya mistari ya rangi iliyochorwa sakafuni, chini ya goli la mpira wa kikapu. Goli lile lilikuwa juu ya kichwa cha Mama hasa. Niliamini ni taji, na kwamba limetundikwa juu vile likingoja mtu arefuke vya kutosha. Niliamini pia kwamba sisi ndio tuliokaa mahali pa heshima, na wale wa kwenye mabenchi walikuwa wanasubiri nafasi.

Ibada na madarasa yake vilichukua asubuhi nzima wakati ule, vipindi vitatu vilivyofuatana, na kile cha tatu kilikuwa nchi nyingine. Njaa ilikuwa imeshapita ikawa usingizi. Mwanga wa madirisha ya juu ulitambaa sakafuni pole pole, ukavuka mstari mwekundu, ukavuka wa buluu, na mimi niliufuata kwa ncha ya kiatu. Sauti za madarasa zilipenya kutani kama redio za majirani: wavulana wakicheka, kina mama wakiimba, mtoto mchanga akilia mbali sana. Mwisho wake Mama, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa kiongozi wa wasichana, alitoka katika darasa lao, wao wakimzunguka, na harufu ya mafuta yake ya nazi ikifika kabla yake. Kwa kuwa kila mtu kanisani ni Dada fulani au Ndugu fulani, niliwahesabu wasichana wale kuwa ni ndugu zangu wa damu ambao kwa sababu ya udogo wa nyumba yetu walilala kwingine.

Kila Jumatano walikuja nyumbani. Jiko la kanisa ni la kupasha chakula moto tu, si la kupikia. Ndivyo sheria ilivyo mpaka leo. Na Mama alikuwa ameamua kwamba msichana hawezi kukua kwa chakula kilichopashwa moto. Wakati huo wasichana walikuwa na kitabu kidogo cha malengo, na aliyeyatimiza yote alivishwa medali ndogo shingoni mbele ya kata. Mama alisema lengo lolote linaweza kutimizwa kwa unga. Basi walijaa jikoni kwetu, Mjamaika, Wafilipino, mapacha wawili weupe kama maziwa, wakasukuma chapati zenye sura ya ramani za nchi zisizokuwepo. Mimi nilikaa chini ya meza. Niliona soksi zao, nyingine zimetoboka. Unga ulinishukia kichwani kama theluji yenye joto.

"Dada Wanza, yangu imekuwa kama kiatu!"

"Kiatu kinaliwa," Mama alijibu. "Kunja, anza tena. Nani amekwambia Mungu anapenda duara?"

Hiyo ndiyo dunia niliyokuwa nayo. Halafu ikaja Jumapili ile.

Nilikuwa kwenye kiti changu cha chuma nikichagua nafaka kavu za kiamsha kinywa kutoka kwenye mfuko ambao Mama aliubeba ili ninyamaze. Mbele kule mtu alikuwa akisoma majina, kama wanavyosoma kila mara. Sikusikiliza mpaka niliposikia jina la Mama. Nilipoinua macho, niliona mikono. Ukumbi mzima, mabenchi yote, mikono ya kulia imesimama kimya kama nyasi zisizo na upepo. Mama peke yake ndiye aliyekuwa na mikono mapajani. Alikuwa akitabasamu, lakini tabasamu lile lilikuwa limewekwa, kama sahani inavyowekwa mezani.

Sasa, shuleni kwetu tulikuwa na mchezo. Tunasimama duara, mmoja anataja jina, na aliyeinuliwa mikono mingi anatoka. Mimi nilikuwa nimeshatolewa, nikasimama kando ya uzio nikitazama wengine wakiendelea. Nilijua kabisa nilichokuwa nikikitazama. Walikuwa wanamtoa Mama.

Kabla sijapata pumzi, jina jingine likasomwa. Dada Beatrisi, Mkongomani wa Lubumbashi, mwanamke mpana mwenye vitenge vilivyomtangulia kufika, akasimama kule mbele. Wanaomkubali? Mikono. Kisha yakaja maneno ambayo husemwa kila Jumapili ya namna hiyo na ambayo sikuwahi kuona mtu akiyajibu: kama kuna wanaopinga, nao waonyeshe vivyo hivyo. Baada ya maneno hayo msomaji hunyamaza kidogo sana, kwa adabu tu, halafu anaendelea.

Mimi niliingia katika ukimya ule. Nilipanda juu ya kiti cha chuma, kikalia kama bata, nikainua mkono wangu mpaka bega likauma.

Mama alinivuta sketi. "Ndanu! Shuka!"

Sikushuka. Watu walikuwa wamegeuka, safu kwa safu, na Dada Beatrisi aliyekuwa bado amesimama alinitazama moja kwa moja, kutoka mbele hadi nyuma, kwa macho ambayo sikuweza kuyasoma. Askofu wa wakati ule, ambaye siku za kazi alikuwa daktari wa meno, akasogelea kipaza sauti. "Tumekuona," alisema kwa upole. "Tutazungumza."

Nilikuja kujua baadaye kwamba ndivyo utaratibu ulivyo: anayepinga husikilizwa faraghani. Daktari wa meno aliufuata utaratibu kana kwamba mimi ni mzee wa miaka sitini. Alinikalisha, akanipa peremende isiyo na sukari, akafunga mikono yake mezani. Mama alisimama mlangoni, akitazama viatu vyake.

"Una sababu gani ya kumpinga Dada Beatrisi?"

"Anakaa vibaya," nilisema.

"Anakaa wapi?"

"Kwa Mama."

Alifikiri. "Je, kuna jambo lolote baya unalojua amelifanya?"

Nilitaka kuwa mkweli, kwa sababu chumba kile kilikuwa cha kusemea kweli. "Anaimba kwa nguvu sana."

"Hilo tunalijua wote," alisema, wala hakucheka. "Kwa sheria kura yako haihesabiki mpaka ubatizwe. Lakini nimeisikia."

"Mama atarudi lini?"

Nadhani hakuelewa nilichouliza. Alidhani nauliza kuhusu wito. "Hatujui," alisema. "Hapa tunapokezana."

Kwa hiyo nikakaa na jibu hilo. Mama ametolewa, na askofu mwenyewe hajui atarudi lini. Ushahidi ulikuwa kila mahali. Jumatano ikaja na hakuna soksi chini ya meza. Jumapili Mama akaingia darasa la watoto wadogo wa kufungiwa kamba za viatu, wale ambao hata majina yao hawajui vizuri. Niliona ni adhabu. Jikoni kulikuwa kimya, kila kitu kimefutwa, na jua la jioni lilikaa mezani bila mtu. Nilizoea kuingia chini ya meza ile na kungoja, nikitazama mahali ambapo miguu ingekuwa.

Jioni moja kengele ikalia. Dada Beatrisi akajaza mlango.

"Njo huyu mutoto alinikatala?" aliuliza kwa Kiswahili cha kwao Lubumbashi, akiinama kunitafuta chini ya meza.

"Ndiye," Mama alisema. "Na usifikiri nilimtuma."

"Bon. Kuya hapa, mutoto." Sikuja. Akachuchumaa yeye, kwa kazi kubwa, mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Aksanti. Unasikia? Bantu bote banainuaka mukono na kulala. Weye tu njo ulikuwa macho."

Kisha akamgeukia Mama na sauti yake ikawa ndogo ghafla. Wasichana, alisema, hawamtaki. Wanamwuliza kila Jumatano habari za chapati, na yeye mkono wake unajua ugali tu. Mama akamtazama kwa muda. Akatoa kibao na kifimbo kabatini, akavifunga kwa taulo, akampa. Wakasimama mlangoni wakizungumza sana, wakacheka hata, na mimi sikusikia kicheko. Niliona tu kibao kikitoka nyumbani kwetu chini ya kwapa la mshindi.

Sikumbuki siku niliyojua ukweli. Hakuna aliyenikalisha akanieleza. Nadhani ulinifikia kama lugha inavyomfikia mtoto, siku moja unagundua tu kwamba unaelewa. Mikono ile ilikuwa ya shukrani. Lakini kichwa kilipojua, tumbo halikuambiwa. Mpaka leo jina la mtu likisomwa apumzishwe, mimi hutazama mapaja yake, mikono imelalaje.

Na mengi yamesomwa na kupumzishwa tangu hapo, si watu tu. Kipindi cha tatu kiliondolewa. Watu wazima walipongezana kwenye maegesho ya magari, na mimi peke yangu, nadhani, niliomboleza ule mwanga uliovuka mistari. Kitabu cha malengo na medali vikaisha nikiwa nimebakiza lengo moja tu. Sasa msichana hujiwekea malengo yake mwenyewe, bila medali, nami siku nyingine naona ni bora zaidi na siku nyingine namwonea huruma. Zamani ulingoja siku yako ya kuzaliwa ndipo uhamie darasa la wakubwa, ukiingia peke yako huku unatetemeka. Siku hizi wanahama wote pamoja mwaka unapoanza. Wale waliokuwa wakitutembelea kila mwezi, wakakaa kwenye sofa na kula kila kitu, sasa huandika ujumbe kwenye simu: mpo salama? Tupo salama. Hata hivyo nilimwona Mama, kwenye ubatizo wa mjukuu wa Dada Beatrisi, akisimama kando ya maji kama shahidi rasmi, jambo ambalo nilipokuwa mtoto lilikuwa la wanaume tu. Alikuwa amenyooka kama mshumaa. Kwa hiyo siwezi kusema tulichopoteza na nisiseme tulichopata. Hiyo ndiyo taabu ya kichwa changu; kila nikiweka kitu upande mmoja wa mizani, nakwenda kutafuta cha upande wa pili.

Ijumaa nilimkuta Mama nyumbani, ametoka kazini kwake kwenye nyumba ya kutunzia wazee, miguu yake ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nilikiweka kibao mezani. Alikigeuza, akapitisha kidole juu ya lile duara jeusi.

"Kumbe hiki kingali hai," alisema. "Beatrisi alikipa aliyemfuata, naye akampa mwingine."

Nikamwambia yote. Askofu, Jumamosi, na mchezo wa duara, na jinsi nilivyoamini miaka ile yote kwamba walimfukuza. Alicheka mpaka maji yakamwagika kwenye zulia.

"Fukuza! Mimi! Walikuwa wananishukuru, wewe mtoto."

"Najua, Mama. Sasa najua."

Kicheko kikaisha kidogo kidogo. Alikausha mguu mmoja, akauacha mwingine majini.

"Lakini hukukosea sana," alisema. "Askofu alikuwa ameniambia kabla, nikamwambia sawa, kwa sababu ndivyo tunavyosema. Lakini wale wasichana sikuwa nimewamaliza. Kuna mmoja alikuwa karibu kunieleza jambo, nililiona linakuja, wiki mbili tatu hivi lingefika. Nilikaa pale nikitabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Kata nzima mikono juu. Halafu nikakuona wewe juu ya kiti." Alinitazama. "Nilikuvuta sketi kwa sababu ya watu. Moyoni nilisema, haya, angalau mmoja."

Nje basi lilisimama, likaondoka.

"Sasa unaogopa nini hasa?" aliuliza.

"Kwamba nitawapenda halafu watanitoa."

"Watakutoa."

"Mama!"

"Watakutoa, Ndanu. Hata mimi nitainua mkono." Alitoa mguu wa pili. "Ulitaka nikudanganye? Swali ni kama kuna msichana atakayekaa kwako akale chapati kabla ya siku hiyo."

Jumamosi asubuhi nilimpigia askofu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi na sikuyatumia. Nikasema nakubali. Kisha nikasema, kwa kuwa kiongozi hupendekeza washauri wake, nina jina la kupendekeza, na kwamba Jumatano wasichana watakuja nyumbani kwetu, maana siku hizi lazima watu wazima wawe wawili na mshauri wangu anaishi humo humo. Alinyamaza kwa namna yake ya lifti.

"Yeye mwenyewe anajua?"

"Bado. Ni kazi yako kumwuliza."

Simu ya Mama ililia baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa jikoni nikiosha sufuria iliyokwisha kuwa safi. Nilisikia, "Mimi? Na magoti haya?" Nikasikia, "Sawa," na haikuwa ile sawa ya kusemwa tu.

Jumapili tulichelewa. Mabenchi ya mbele yalikuwa na nafasi, lakini miguu yetu ilikwenda yenyewe mpaka kwenye viti vya chuma, na nikaweka kibao chini ya kiti changu, juu ya mstari wa buluu. Jina langu likasomwa. Nikasimama, na mikono ikainuka, mkono wa Mama pembeni yangu ukiwa wa kwanza. Wanaopinga? Dada Beatrisi, ambaye nywele zake sasa ni nyeupe, aligeuka kutoka kwenye benchi lake, akaniangalia muda wote wa ule ukimya, nyusi juu, kama anayefikiria. Kisha akageuka mbele, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Halafu likasomwa jina la Mama. Akasimama chini ya goli, na nilipomtazama kutoka kitini niliona kwamba bado liko juu ya kichwa chake hasa. Wanaomkubali waonyeshe. Niliinua mkono wangu wa kulia mpaka bega likauma, nikauacha huko, msomaji akaendelea na tangazo la usafi, na jingine baada ya hilo.

"Ndanu," Mama aliniambia kwa sauti ya chini, akikaa. "Shusha mkono. Wameshamaliza."